Usiibandue hiyo stempu!

Hongera sana, ndugu! Umeuliza kama uibandue ile Penny Black uliyoikuta kwenye barua kuukuu, ndani ya sanduku la vitabu ulilonunua mnadani. Nakusihi, iache hapohapo.

Hiyo ni stempu ya kwanza ya kubandika duniani, iliyoanza kutumika rasmi Uingereza tarehe 6 Mei 1840. Zilichapwa takriban milioni 68, kwa hiyo yenyewe si adimu kama wengi wanavyodhani. Utamu uko kwenye barua nzima! Soma mhuri wa tarehe polepole, kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta Mei 1840, hasa kabla ya tarehe 6, mwite mtaalamu kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote.

Kisha tazama kingo. Zilikatwa kwa mkasi, na makarani wengi walikata ovyo, hivyo yenye kingo nne kamili hugombaniwa.

Mimi yangu niliipata baada ya kutafuta miaka mingi, na usiku ule sikulala. Niliamka mara tatu kuitazama. Kwa hiyo furaha yako naielewa kabisa. Tuwekee picha, pande zote mbili.