Kubandika tena kitambaa cha dari ya gari kilicholegea
Je, unaweza kukipulizia gundi kitambaa kilicholegea bila kushusha dari? Hapana, hakudumu. Kilichokufa si gundi, ni ile sponji nyembamba nyuma ya kitambaa: joto la miaka limeigeuza unga. Pitisha kidole, kitatoka na vumbi la rangi ya chungwa au kahawia. Gundi mpya itashika unga huo tu, na ukizidisha inapenya na kuacha madoa upande wa mbele.

Shusha ubao mzima wa dari, ule uliobandikwa kitambaa (toa kwanza vizuia jua, taa na vishikio), bandua kitambaa, kisha sugua sponji yote iliyobaki ubaoni kwa brashi ya nailoni mpaka itoke. Hapo ndipo wengi hulipua kazi. Taratibu lakini, ubao wenyewe ni laini na ukiukunja unavunjika. Kitambaa kipya kiwe na sponji yake, milimita 3 hivi. Gundi ya kupuliza inayostahimili joto, kwenye ubao na kwenye sponji ya kitambaa. Subiri inate bila kulowesha kidole, ndipo ubandike kuanzia katikati kwenda kingoni.

Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni juu ya milango, chomoa betri kabla ya kugusa chochote.