Kabla hujanunua chupa ya kutoa kaboni, soma herufi za injini yako

Ingia duka lolote la spea Mombasa, Mwembe Tayari au Changamwe, utaziona dawa za kutoa kaboni, yaani uchafu mweusi mgumu unaoganda ndani ya injini, zimepangwa karibu na kaunta: chupa ya kumimina kwenye tangi, chupa ya kuchanganya na oili, kopo la kupuliza kwenye njia ya hewa. Muuliza bei anajibiwa kabla hajamaliza swali: "Weka hii, shehe, gari litapaa." Kwenye Probox yangu nimetumia ile ya tangini kwa miaka na nimeona faida. Shemeji yangu alimimina chupa ya aina ile ile kwenye Mark X yake, akamimina tena, na gari likabaki kutetemeka vile vile.

Dawa ya tangini hufika pale tu petroli inapofika. Probox ya injini ya 1NZ-FE hunyunyiza petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu za kuingizia, yaani milango midogo inayoruhusu hewa kuingia kwenye silinda. Kwa hiyo dawa hupita kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya petroli, ikaosha migongo ya valvu, kisha ikaingia ndani ya silinda juu ya pistoni. Mark X ya injini ya 4GR-FSE hupiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu zake za kuingizia haziguswi na petroli. Zinachopata ni hewa pamoja na mvuke wa oili ambao injini huurudisha ndani ili uungue. Mvuke huo hugandia valvu yenye moto na kujenga kitu kigumu, cheusi, kama ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Mimina chupa kila wiki ukitaka, ukoko ule haupati habari.

Basi kabla ya kutoa pesa, fungua boneti utafute kibati chenye herufi za injini. Kwa Toyota, FE au FAE ni petroli ya njia ya hewa. Ukiona FSE, petroli inapigwa ndani, ingawa chache kama 2GR-FSE zina nozeli za aina zote mbili na hazisumbui sana. Kwa Nissan, HR15DE ni ya njia ya hewa, MR20DD ni ya ndani. Mazda za Skyactiv na Volkswagen nyingi za TSI, za ndani pia. Dizeli ina mambo yake, na chupa ya petroli usiisogeze huko.

Wako wanaodhani joto la Pwani linatuokoa na kaboni. Injini haihesabu jua; inahesabu muda wa kufanya kazi ikiwa na joto lake kamili. Ukitoka Tudor hadi Ganjoni ukazima, au ukingoja feri Likoni gari linanguruma kwa ajili ya AC, injini haipati kazi ya maana na uchafu unatulia. Gari linalopanda Mazeras kuelekea Mariakani kila siku huwa na afya kuliko letu la mjini, hata kama kilomita zake ni nyingi.

Kwenye chupa tafuta herufi PEA, yaani polietheramini. Hiyo hustahimili moto wa ndani ya silinda na kulainisha kaboni iliyokwisha ganda. Chupa isiyotaja kiungo chochote, yenye picha ya gari la mashindano tu, mimi huiacha rafuni. Tangi likikaribia kwisha, mimina dawa kwanza, kisha jaza petroli juu yake ichanganyike. Fuata kipimo kilichoandikwa kwa lita za tangi lako. Kuzidisha hakuharakishi kitu. Halafu toa gari barabarani, liende Malindi au Voi, lipate mwendo.

Nilichokiona kwenye Probox ni kwamba mtetemo wa kwenye taa nyekundu ulipungua na gari likaacha kusita ninapokanyaga. Matumizi ya petroli? Sikuona tofauti ya kuitangaza. Anayekuahidi kwamba utaokoa nusu tangi anauza chupa.

Na gari likimisi, yaani silinda mojawapo isipowaka sawasawa, usikimbilie dawa. Lipimwe kwa kompyuta, plagi zitolewe ziangaliwe, koili zinazopeleka umeme kwenye plagi zijaribiwe. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, pengine ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hakuna chupa inayorudisha chuma kilicholika.

Mark X ya shemeji ilipona kwa mikono. Manifoldi ya kuingizia hewa ilitolewa, valvu zikalowekwa dawa, zikasuguliwa kwa brashi, uchafu ukavutwa kwa mashine. Gereji zenye vifaa hupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo ni magumu kwa kaboni lakini hayakwaruzi chuma. Ukipeleka gari lako, muulize fundi jambo moja: silinda anayoisafisha, valvu zake atazifunga kwanza kwa kuzungusha kranki, ile ekseli inayozungushwa na pistoni? Akikutazama kama aliyesikia Kichina, chukua funguo zako. Kaboni ikidondoka ndani ya silinda umenunua tatizo jipya.

Ile dawa ya kuchanganya na oili kabla ya kuimwaga, siitumii kwa gari lililotoka Japani ambalo sijui lilitunzwa vipi. Tope lililotulia miaka likibanduka kwa mpigo mmoja linaweza kuziba chujio la pampu ya oili kule chini, na injini isiyopata oili haidumu. Mafuta ya taa, ambayo mafundi wengine bado wanayamwaga humo, ni hatari zaidi, kwani yanafanya oili iwe nyepesi ishindwe kulinda beringi. Bora ubadilishe oili na filta mapema mara chache mfululizo, tope litoke taratibu.

Chupa ya tangini nayo huacha mabaki kidogo yanayopenya kwenye ringi hadi kwenye oili. Kwa hiyo mimi huipangia tangi la mwisho kabla ya sevisi: naendesha mpaka petroli ile iishe, ndipo gari linapanda rampu na oili inamwagwa.