Pochi ya kuokota: kwa Wayahudi inategemea mwenyewe alikata tamaa lini

Mkuu, umeuliza kama ni kweli kwa Wayahudi mwenye mali akishakata tamaa, aliyeokota anakula halali. Nilimuuguza mzee mmoja wa dini pale Jerusalem, na swali hilohilo nilimuuliza nikiwa na pochi ya watu kabatini.

Niliiokota kituo cha basi, ina shekeli mia tatu na ushee na pete. Tuliripoti polisi, maana sheria ya Israeli ya 1973 inataka hivyo, na miezi 4 ikipita bila mwenyewe kutokea aliyeokota anamiliki. Mzee hakutosheka. Akaandika tangazo tukabandika ukutani, kama wafanyavyo mtaa ule: "Imeokotwa pochi", basi. Rangi hapana, kiasi hapana. Hizo ni simani, alama ambazo anayedai lazima azitaje mwenyewe. Wa kwanza kupiga simu alisema nyeusi, akaishia hapo. Mzee akakataa. Pochi nyeusi ziko ngapi mjini?

Wiki ya tatu nikamwambia, mwenye pochi ameshakata tamaa. Ndipo akanifungulia Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya Kiyahudi, sehemu iitwayo Bava Metzia, sura ya pili. Sarafu zilizotawanyika njiani ni za aliyeokota: hazina alama, na mtu hupapasa mfuko wake kila mara, kwa hiyo alishajua na kukata tamaa kabla yako. Sarafu tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine lazima uzitangaze, maana mpangilio huo ni alama. Je, kisicho na alama, na mwenyewe hajajua kimeanguka? Wanazuoni wawili wa Talmudi walibishana: Rava aliruhusu, Abaye akakataa, na sheria ikamfuata Abaye. Yaani tamaa iwe imekatika kabla hujainama. Kikiingia mkononi mwako mapema, wewe ni mtunzaji, na kukata tamaa kwake baadaye hakukupi kitu.

Na kutunza ni kazi kwelikweli. Nguo unaikung'uta mara moja kila siku 30, kitabu unakifungua na kukisoma kisiharibike. Rabi Hanina ben Dosa aliachiwa kuku mlangoni. Wakataga na kuangua hadi wakamzidi, akawauza akanunua mbuzi. Mwenye kuku aliporudi alikabidhiwa mbuzi. Kisa hicho kilinigusa kuliko vyote.

Wiki ya sita alipiga binti mmoja, akataja zipu iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Nilimpelekea hadi mlangoni kwake.