Mpe mtumiaji wako jina

Kwa muda mrefu, katika vikao vyetu vya usanifu wa programu, neno "mtumiaji" lilimfaa kila aliyelitamka. Aliyependa menyu ndefu alisema mtumiaji anataka kuchagua mwenyewe. Aliyechoka kuandika msimbo alisema mtumiaji hatajali. Alan Cooper, Mmarekani aliyeieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1999 mbinu ya watumiaji wa kubuni, yaani watu wa mfano wanaopewa jina na kazi ili programu isanifiwe kwa ajili yao, aliona kuwa mtumiaji wa namna hiyo hunyumbuka: kila mwenye hoja humvuta upande anaoutaka yeye.

Tulipoanza programu ya kuhesabu mizigo ghalani, tukamuumba Zawadi, mtunza ghala. Hatukumtoa kichwani. Nilishinda ghalani siku tatu na daftari langu, nikazungumza na watunza ghala saba, na yale yaliyowaunganisha ndiyo yakawa Zawadi. Anafanya kazi kwa kusimama. Mkono wa kushoto umekumbatia boksi, wa kulia umeshika simu, na gumba ndilo linalobonyeza. Kila baada ya dakika chache anaitwa na dereva anayetaka sahihi.

Kitufe cha kuhifadhi tulikuwa tumekiweka juu kabisa, kushoto. Mwenzangu akashika simu kwa mkono mmoja, akanyoosha gumba kukifikia, simu nusura imponyoke. Mabishano ya wiki nzima yakaishia hapo. Kitufe kikashushwa chini kulia, na fomu ikawa inajihifadhi yenyewe, maana Zawadi akiitwa na dereva hana muda wa kukumbuka kuhifadhi.

Ukimwandika wa kwako, umri, ndoa na picha ya kupendeza viache, labda kama vinabadilisha uamuzi fulani. Andika anataka kukamilisha nini, nini kinamkwamisha, na yuko wapi anapoitumia programu. Wengi huteleza hapa: wasifu unapambwa, unabandikwa ukutani, na hakuna anayeusoma tena.

Kisha chagua mmoja awe mkuu. Msimamizi wa Zawadi alihitaji takwimu. Tukampa ukurasa wake badala ya kuzirundika kwenye skrini ya Zawadi.

Na urudi kwa watu wenyewe, kwa sababu mtu wa kubuni hawezi kukwambia umekosea. Tuliporudi ghalani na toleo la kwanza, wawili kati ya wale saba walikuwa wanashika simu kwa mkono wa kushoto. Daftarini sikuwa nimeliandika. Kitufe tukakipanua chini kikaenea upana wote wa skrini, na wasifu wa Zawadi tukauandika upya jioni ileile.