Jua la Machi lisikudanganye, mkuu: mchicha subiri kwanza

Mkuu, umeuliza kama unaweza kusia mchicha sasa hivi, maana theluji imeshayeyuka hapo Columbus na juzi jua limepiga mpaka ukatoka nje na fulana. Usisie. Utaozea ardhini. Wangu ulioza.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Ohio, mwishoni mwa Machi, tulipata siku tatu za joto mfululizo. Mimi mtu wa Morogoro, nikiona ardhi imelowa na jua linawaka, mikono inaniwasha. Nikapiga matuta mawili nyuma ya nyumba, nikamwaga mbegu zote nilizopewa na mama mmoja Mkongo wa mtaani kwetu (yeye anaita lengalenga). Wiki iliyofuata theluji ikaanguka tena. Haikuota hata mbegu moja, na matuta yenyewe yalipokauka yakawa tofali. Udongo wa huku mwingi ni mfinyanzi, ukiulima na maji yake unashikana na hautaachia msimu mzima.

Kwetu tunasubiri mvua. Huku unasubiri udongo upate joto, na udongo ni mvivu kuliko hewa. Unaweza kutembea kifua wazi mchana huku chini bado ni friji. Mimi natumia kipimajoto cha nyama cha jikoni: nakichomeka asubuhi, kina cha kidole, siku nne mfululizo. Mchicha, kunde na maboga nasubiri mpaka nione nyuzi 18 za Selsiasi. (Mke wangu amekataa kabisa kisirudi kwenye kuku. Nunua chako.) Halafu kuna jalidi, ile barafu nyembamba inayokaa juu ya nyasi alfajiri kama chumvi. Wenyeji wengi hapa hawatoi nyanya nje kabla ya Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na mimi nimeacha kubishana nao.

Kazi za sasa hivi zipo. Kabla ya jembe, chukua udongo kiganjani, ufinyange, kisha uguse kwa kidole gumba. Donge likisambaratika, lima. Likibonyea tu kama unga wa chapati, rudi ndani ukanywe chai. Mimi siku hizi hata silimi sana, natandaza mboji unene wa vidole vinne juu ya tuta na kuacha minyoo ifanye kazi.

Udongo ukikubali, panda vinavyostahimili baridi: njegere, spinachi, figili, saladi. Sukuma wiki pia haiogopi baridi, jalidi nyepesi hata inaiongezea utamu. Mbegu zake dukani tafuta pakiti iliyoandikwa "collards". Ila njegere zifunike kwa wavu tangu siku ya kwanza. Mwaka juzi niliamka nikakuta mistari miwili yote imekatwa mshazari, safi kabisa kama kwa mkasi. Nikamlaumu mtoto wa jirani. Kumbe sungura, wamezaliana chini ya kibanda changu mwenyewe.

Kitunguu saumu ulichelewa, kinapandwa Oktoba. Panda mwaka huu ili Machi ijayo uone ncha za kijani zinavyotoboa nyasi kavu ulizotandaza, wakati kila kitu kingine uani bado ni rangi ya kahawia. Kwangu ndiyo dalili kwamba baridi imeshindwa.

Nyanya, pilipili na nyanya chungu anza kuzisia ndani wiki hizi, kwenye vikopo vilivyotobolewa chini. Mwanga wa dirishani peke yake hautoshi. Miche itarefuka myembamba na kulala. Nunua taa ya kawaida ya tyubu, ining'inize karibu, kama upana wa kiganja juu ya majani, na uinyanyue kadiri miche inavyokua. Mwezi Mei miche usiitoe nje ghafla. Anza na saa moja kivulini, kesho mbili, mpaka wiki ipite. Niliwahi kuiacha juani kutwa siku ya kwanza, jioni majani yalikuwa meupe kama karatasi.

Na ile sehemu uliyosema umeichagua, chini ya ukuta kwa sababu kuna joto: nyumba yenu ilijengwa mwaka gani? Rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, na kwenye nyumba za kabla ya hapo rangi iliyobanduka inaishia kwenye udongo wa pembeni mwa ukuta. Kama ni ya zamani, usipande mboga hapo kabla hujapeleka udongo kupimwa. Tengeneza boksi la mbao katikati ya uwanja, jaza udongo wa kununua. Ukinijibu hilo nitakuambia vipimo vya boksi langu.