Maswali yenu: wakubwa wakigombana, ugonjwa unatukuta Kivu

Tangu niandike juu ya mpox (ile ndui ya nyani) ya Kamituga, huku Kivu Kusini, mmenitumia maswali mingi sana hapa Bukavu, nimechukua manne.

Papa mmoja wa Kadutu: "Marekani kutoka OMS inanihusu nini mimi? Hata sijawahi kuwaona huku kwetu."

Inakuhusu papa, OMS njo Shirika la Afya Duniani. Trump alianza kuitoa Marekani humo 2020, Biden akairudisha Januari 2021, alafu Trump akasaini tena 20 Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa, na Marekani njo ilikuwa inachanga kuliko wote. OMS ikakata bajeti yake ya 2026-2027 kwa 21%. Sasa pesa za namna hiyo njo zinaweka mafuta kwenye pikipiki inayobeba sampuli kutoka kijijini mpaka labo, njo zinamlipa yule anayezunguka kutafuta nani aligusa mgonjwa. Aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga Septemba 2023, OMS ikatangaza ni hatari ya dunia 14 Agosti 2024, chanjo za kwanza zikafika Kinshasa 5 Septemba. Mwaka mzima huo, na pesa zilikuwa bado zipo!

Mama wa Panzi: "Ni kweli Congo ilirudisha chanjo za Corona?"

Ni kweli mama. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilifika 2 Machi 2021 kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawa chanjo, leta (serikali) yetu ikangoja kwanza juu nchi za Ulaya zilikuwa zimeisimamisha wakiogopa damu kuganda, kuchanja kukaanza 19 Aprili, na zilikuwa zinaisha muda mwezi wa sita, basi kama milioni 1.3 zikapelekwa kwingine, Ghana, Madagascar na nchi zingine. Na watu walikuwa na woga, tulikuwa tumetoka tu kwenye Ebola iliyoua watu 2,287 huku mashariki, kila mtu na uvumi wake. Mwezi huohuo wa tatu India ikazuia chanjo kutoka nje sababu watu wake walikuwa wanaugua sana, na COVAX ilikuwa inaitegemea India. Matajiri walishanunua zao mbele. Mimi nasema kosa ni la pande mbili: sisi tulichelewa, na huko juu hakukuwa na mkubwa hata mmoja wa kusema tugawane.

Kijana wa Nyawera: "China ikichukua nafasi ya Marekani, si itakuwa afadhali kwetu?"

China ilileta barakoa, ikaleta chanjo yake ya Sinopharm, ikajenga makao ya Africa CDC, kile kituo cha Afrika cha kupambana na magonjwa, huko Ethiopia, na 2025 ikaahidi OMS dola milioni 500 kwa miaka 5. Msaada huo siukatai. Lakini kubadilisha mkubwa peke yake haitutibu, kijana wangu. 23 Machi 2020 Guterres, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliomba vita visimame dunia nzima ili watu wapambane na Corona, na sisi wa Kivu unajua neno kama hilo tunavyolingoja. Baraza la Usalama likafika 1 Julai njo likapitisha azimio 2532, kwa nini, kwa sababu Washington na Beijing waligombana kama OMS itajwe kwenye karatasi ama isitajwe. Zaidi ya miezi mitatu kwa ajili ya jina! Inaniuma mpaka leo.

Mwanafunzi: "Kuna siku hao wakubwa walishasikilizana?"

Ndiyo, kwenye ndui, tena katikati ya vita baridi. 1958 Viktor Zhdanov wa Soviet alisimama kwenye mkutano wa OMS akasema tuumalize ugonjwa huu, nchi yake ikatoa chanjo nyingi sana zile za kukaushwa zinazovumilia joto, na kuanzia 1967 aliyeongoza kazi alikuwa Mmarekani, Donald Henderson. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia 1977, na 1980 OMS ikatangaza ndui imeisha. Muombe koko wako akunje mkono wa nguo akuonyeshe ile alama ya chanjo kwenye bega. Chanjo ile ilikuwa inakinga hata mpox, ilipoachwa waliozaliwa nyuma wakabaki bila kinga. Koko wangu anayo ile alama. Mimi sina, na watoto wangu pia hawana.