Kabla Hujasema Huna Kipaji: Mapambo ya Msimu kwa Sufu na Sindano

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji aliyekuwa amejaribu, kwa mara ya kwanza, kutengeneza mapambo ya Krismasi kwa sufu ya kondoo na sindano ya felti, yaani sindano inayodungwa kwenye sufu tena na tena hadi ishikane na kuwa felti ngumu. Alianza na nyota, akaiacha. Akahamia kwa ndege, akamwacha bila mkia. Mwishowe akamgeukia mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye kichwa chake kiling'oka shingoni kabla hajavishwa kofia. Aliniuliza anunue sindano ya aina gani ili kazi yake ifanane na yangu. Kisha akaongeza maneno yaliyonikaa moyoni kuliko swali lenyewe: kwamba huenda mikono yake haikuumbwa kwa kazi hii.

Nilimjibu kuhusu sindano kwa ufupi, nikaona baadaye kwamba jibu langu lilikuwa la mtu mwenye haraka. Maneno yale ninayafahamu, kwa kuwa niliwahi kuambiwa mimi mwenyewe mbele ya watu, na mtu aliyelipwa kunifundisha. Alikuwa akipita kati ya meza zetu, akaichukua tufe yangu ya sufu kwa ncha za vidole viwili, akaitikisa, akasema kuwa katika kazi hii wapo wanaotengeneza na wapo wanaonunua. Watu wakacheka. Nilicheka nami, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Kinachoniuma hadi leo si kicheko, bali ni kwamba mwalimu yule alikuwa na maneno matatu tu ya kunisaidia, naye hakuyasema: bado ni laini.

Hilo ndilo jambo zima, na msomaji wangu akilishika anaweza kuyasoma yaliyobaki kwa wepesi. Pambo la sufu la mwanagenzi huwa na manyoya, hupoteza umbo, hukataa kuunganishwa, na huonekana la kitoto, kwa sababu moja kuliko zote: mtengenezaji amelisimamisha mapema, likiwa bado laini. Kipaji hakihusiki hapo.

Nililielewa hili kwa njia ambayo wengine wataiona kuwa ya kikatili. Nilinunua ndege mdogo wa kuning'iniza, kazi ya fundi ambaye sikumjua, nikampasua katikati kwa wembe. Nje alikuwa na manyoya ya rangi tatu zilizoungana bila mpaka kuonekana. Ndani alikuwa na sufu nyeupe ya kawaida, isiyotiwa rangi, nene na ya bei ndogo kuliko ile ya juu. Hata hivyo, sufu hiyo ya ndani ilikuwa imeshikana kiasi kwamba wembe ulikwama, na nilipobonyeza kipande kwa kidole gumba hakikubonyea. Fundi yule hakuwa ameanza na uzuri. Alikuwa amejenga kiini kigumu, kisha uzuri ukawekwa juu yake kama tabaka jembamba. Sijapata kufundishwa vizuri zaidi ya siku hiyo.

Ni vyema mwanagenzi ajue sindano inafanya nini ndani ya sufu, maana anayejua hilo hachoki upesi. Kila unyuzi wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana ya keratini (protini inayojenga nywele na kucha), yaliyopandana kama vigae vya paa. Sindano ya felti haina tundu la uzi. Ni ya chuma kigumu, na kwenye kingo zake, karibu na ncha, imechongwa vijino vidogo vinavyoelekea chini. Inapoingia, vijino hivyo huzikokota nyuzi za juu na kuzizamisha kati ya nyuzi za ndani. Inapotoka, huziacha huko huko, na magamba husaidia kuzizuia zisirudi. Mdungo mmoja huhamisha nyuzi chache mno. Viwanda vilianza kutengeneza felti kwa sindano za aina hii muda mrefu kabla yetu, kwa mashine zilizopangwa sindano nyingi zinazoshuka kwa pamoja. Ni katika miaka ya 1980 ambapo David na Eleanor Stanwood wa Massachusetts, Marekani, walianza kuzitumia kwa mkono, na Ayala Talpai akaiendeleza kazi hiyo na kuwafundisha wengine kuunda sanamu kwa sindano. Maana yake ni kwamba wewe, ukiwa na sindano moja mkononi, unafanya kazi iliyoanza kama kazi ya mashine, na huna haki ya kuishangaa ikichukua muda.

Sasa nirudi kwenye swali la sindano. Sindano hutambulishwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 36 ni nene na inafaa kuanza umbo, namba 38 hufanya karibu kila kazi, na namba 40 ni ya kulainisha uso na kuweka macho, midomo na madoa. Anza na 38 kama huna fedha ya kununua zote. Sufu inapoanza kuipinga sindano, au mdungo unapoacha shimo linaloonekana, ujue kwamba umeshikanisha vya kutosha kuhamia kwenye sindano nyembamba zaidi. Ukihamia kabla ya hapo, hutapata chochote ila kuchelewa, na ndiyo sababu nasema kuwa sindano nzuri haiokoi pambo lililoachwa laini.

Namna ya kudunga ina sheria chache zisizosameheka. Sindano iingie na kutoka kwa mwelekeo uleule, kwani chuma chake hukatika kikipindishwa kikiwa ndani, na ncha iliyokatikia ndani ya pambo ni hatari kwa mtoto atakayelishika. Mwanzoni dunga kwa kina hadi katikati ya donge, kwa sababu kiini ndicho kinachobeba kila kitu. Mwishoni dunga kwa juu juu, kwa ajili ya uso tu. Ligeuze donge kila mara na kuliinua kutoka kwenye sponji iliyo chini yake, vinginevyo litakuwa bapa upande mmoja na kujishona kwenye sponji yenyewe. Sponji iwe na unene wa sentimita tano au zaidi, ili ncha isifike mezani. Na macho yako yawe kwenye sindano. Wapo wanaodunga huku wakitazama filamu. Hao utawatambua kwa plasta za vidoleni. Vifuniko vya ngozi vya kuvaa kwenye kidole gumba na cha shahada vinasaidia sana, ingawa mimi siku hizi sivivai, na sikushauri uniige.

Kuhusu sufu nitasema kwa urefu, maana hapa ndipo wanagenzi wengi hupotezwa na uzuri. Sufu ya kondoo wa Merino ni laini, inang'aa, inapatikana katika rangi zote, na kwa hiyo ndiyo inayonunuliwa kwanza. Lakini wembamba wa nyuzi zake unaifanya iwe nzito kushikana kwa sindano, na uso wake huonyesha kila tundu. Sufu nene kiasi, kama ya kondoo wa Corriedale au Romney, hushikana upesi na kusamehe mengi. Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji hawaielezi vya kutosha: sufu iliyochanwa, ambayo nyuzi zake zote zimelala upande mmoja na kufanya mkanda mrefu unaong'aa, na sufu iliyochambuliwa tu, ambayo nyuzi zake zimekwenda kila upande na kufanya tandiko lililovimba. Hii ya pili hushikana kwa haraka zaidi, kwa kuwa nyuzi zake tayari zimepishana. Ukiwa na ile ya kwanza peke yake, ivute vipande vifupi kwa mikono, uvipange juu ya vingine kwa kupishanisha, uvivute tena, hadi upoteze mwelekeo wa nyuzi. Njia hiyohiyo huchanganya rangi mbili, na rangi iliyochanganywa kwa mkono ina uhai ambao rangi moja ya dukani haina. Fungu utakalochukua lionekane kubwa kupita kiasi, kwa sababu litapungua hadi nusu au chini ya hapo. Na ukitaka mapambo mawili yafanane, pima sufu kwa mizani ndogo kabla ya kuanza. Kuongeza sufu juu ya pambo ni rahisi, kupunguza ni shida.

Msomaji wangu alianza na nyota, na hapo alichagua vyema, ila aliiacha. Nyota hutengenezwa kwa urahisi zaidi ukitumia kikatio cha biskuti cha chuma, kirefu kwenda juu. Kiweke juu ya sponji, ukijaze sufu hadi ifurike, dunga, ongeza, dunga, kisha igeuze nyota iliyomo na kudunga upande wa pili. Itatoka ikiwa bapa na yenye ukingo wa manyoya, na hapo ndipo watu husimama. Kazi haijafika nusu. Ilaze mezani juu ya sponji, kunja nyuzi zilizotokeza zielekee ndani, dunga ukingo kwa upande huku sindano ikilala karibu sambamba na sponji, hasa kwenye pembe za ndani kati ya mikono ya nyota, ambako ulaini hujificha. Ikiwa mkono mmoja wa nyota unakunjika kwa uzito wake wenyewe, dunga tena. Ikiwa unakunjika ukiusukuma kidogo, dunga tena. Pambo limekamilika pale ambapo unalibana kwa vidole viwili nalo likarudi lilivyokuwa mara tu unapoachia. Manyoya machache yatakayobaki yakatwe kwa mkasi mdogo. Yakiwa mengi, mkasi hautakusaidia, kwa sababu hayo ni malalamiko ya pambo ambalo halijaisha.

Baada ya nyota, tengeneza yai la Pasaka, kisha ndege asiye na miguu, kisha kondoo. Mzee mwenye ndevu angoje mwakani. Shingo yake ilikatika kwa sababu inayojulikana: kichwa na kiwiliwili vilishikanishwa vyote viwili hadi vikawa nyororo usoni na vigumu pande zote, halafu vikagusanishwa. Vitu viwili vilivyokamilika haviungani. Sehemu itakayoungwa iachwe na mkia wa nyuzi huru, usiodungwa kabisa. Mkia huo utandazwe juu ya sehemu ya pili, udungwe kwa kina kutoka kila upande, kisha ufunikwe kwa utepe mwembamba wa sufu unaozunguka kiungo. Mabawa, masikio, pembe na mkia wa ndege hufuata sheria hiyohiyo, na hata hapo, shingo ikitikisika, ni dunga tena.

Nafahamu kwamba ushauri wangu unajirudia. Unajirudia kwa sababu tatizo linajirudia, na kwa sababu tumezoea mno kutafuta kifaa kipya pale ambapo kinachotakiwa ni saa moja zaidi. Mtu hununua seti ya rangi arobaini kabla hajatengeneza tufe moja iliyoshikana. Huanza wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, akajilinganisha na picha za watu waliofanya kazi hii kwa miaka mingi, na kabla ya usiku kuisha amekwisha kujihukumu. Mapambo ya msimu yaanzwe msimu ukiwa mbali, wakati hakuna anayeyangoja na hakuna wa kukucheka. Na kama yupo karibu nawe anayekuambia kuwa mikono yako haifai, mwombe akuonyeshe pambo lake, ulibonyeze. Yule mwalimu wangu sikuwahi kulibonyeza la kwake, na sitaficha kwamba wazo hilo hunijia kila wateja wanaponirudia kabla ya sikukuu wakitaka yaleyale niliyowatengenezea mwaka uliotangulia.

Uzi wa kuning'inizia upitishwe kwa sindano ya kushonea yenye tundu refu, uingie juu, utokee chini, ufungwe fundo, kisha fundo lifunikwe kwa kipande kidogo cha sufu na kudungwa. Uzi uliobandikwa kwa gundi hung'oka. Pambo lisikaribie mshumaa. Sufu haishiki moto upesi, lakini uzi na kitu kingine chochote ulichoongeza juu yake huenda vikashika.

Msimu ukiisha, adui ni nondo wa nguo, ambaye viwavi wake hula keratini na hawajali ulitumia saa ngapi. Kung'uta vumbi, weka mapambo katika chombo kinachofungwa kabisa, yakiwa makavu. Ukiona matundu au utando mwembamba, yatie kwenye mfuko uliofungwa vizuri na kuyaweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na utakapoutoa mfuko usiufungue hadi upate joto la chumba, ili unyevu ujikusanye nje ya mfuko badala ya kuingia kwenye sufu.